Mwalimu wa Ngamizi

Kanuni ya Mwalimu Masoud Alawi ilikuwa moja: katika kipindi chake cha kompyuta neno la Kiingereza halitamkwi. Hata hilo la kompyuta lenyewe lilikatazwa. Mwanafunzi aliyeteleza alivishwa shingoni kifuu cha nazi kilichotobolewa na kutiwa kamba ya usumba, akakaa nacho mpaka kengele ilie. Mwalimu Masoud hakuwahi kuivunja kanuni hiyo, wala hakuwahi kumwonea mtu kwa ajili yake. Mtoto wa diwani alivishwa kifuu, na mtoto wa mchoma mkaa alivishwa kifuu kile kile.

Hakuwa mtu mbaya, na ni haki hilo lisemwe mapema. Hakuuza twisheni. Hakumtuma mwanafunzi kumchotea maji nyumbani. Alifika shuleni kabla mlinzi hajavua koti, na fimbo hakuishika tangu alipoanza kazi. Walimu wengi tunaowasifu hawana hata robo ya uadilifu huo. Lakini uadilifu nao una ulevi wake, na mlevi wa aina hiyo hana harufu ya kumtambulisha.

Alizaliwa Bagamoyo mjini, katika ukoo wa wauza vitambaa. Nyumbani kwao mgeni alisahihishwa ngeli kabla hajapewa kiti. Mtu wa bara aliyefika dukani akasema "nguo kile" alielezwa kwanza kosa lake, kisha bei. Wengi waliondoka na sarufi bila kitambaa. Masoud alikulia humo, akaamini kama alivyoamini baba yake kwamba Kiswahili ni shamba la urithi na wao ndio wenye hati. Alisoma ualimu, akapangiwa shule moja ya kata katika njia ya kwenda Makurunge, akafundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na matokeo yake yalikuwa mazuri.

Kisha likaja somo la kompyuta. Serikali ilitaka watoto wa Kidato cha Tatu wawe na masomo ya kuchagua yenye faida, mashine zikaletwa, na mkuu wa shule, Mwalimu Mwinshehe, akauliza katika chumba cha walimu nani ana kompyuta mpakato. Masoud alikuwa nayo, ya kuchapia mitihani ya Kiswahili. Akanyoosha mkono. Basi, akawa mwalimu wa kompyuta. Kwa kipimo hicho, kila mwenye kisu jikoni angekuwa daktari wa upasuaji.

Hata hivyo alijifunza kwa bidii. Alihudhuria mafunzo, akarudi anaijua mashine vizuri, ila amekasirika. Alikuwa amesikia watu wazima wenye shahada wakisema wame-"sevu" na wame-"dileti", na hakuna hata mmoja aliyeona haya. Akaapa kwamba ugonjwa ule hautavuka mlango wa darasa lake. Mashine akaiita ngamizi, kwa kuwa aliwahi kuliona neno hilo katika orodha za wataalamu wa lugha. Kioo chake kikawa kiwambo. Kile kidude cha kusogeza mkononi alikataa kukiita kipanya, akisema kipanya ni gari la abiria, akakiita kielekezi. Programu zikawa roho ya ngamizi, na chuma chake kikawa mwili. Hata orodha za amri kwenye kiwambo alizigeuza zikawa za Kiswahili.

Siku moja mwanafunzi aitwaye Ashrafu, kijana mwenye ulimi, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, dirisha si neno la Waajemi? Na karatasi, na kalamu, na hilo darasa tulilokaa, si Kiarabu?"

Mwalimu Masoud akatabasamu, maana swali hilo alikuwa akilingojea maisha yake yote.

"Ashrafu mwanangu, hayo yalikuja zamani, yakabisha hodi, yakaoa hapa, yakazaa. Ni wakwe zetu. Haya ya jana hayajaleta hata barua ya posa, na tayari yanataka kulala chumbani."

Wanafunzi wakacheka mpaka wakagonga madawati. Hapo ndipo hatari yake ilipokuwa. Mtu anayekosea huku akichekesha hukosea kwa muda mrefu.

Katika darasa hilo alikuwamo Dija, binti wa Mzee Ishaka, mkulima wa muhogo na ufuta wa Makurunge. Dija alikuwa amelichagua somo hili kwa sababu moja. Kuna chuo Dar es Salaam kinachofundisha utengenezaji wa kompyuta na mitandao, na chuo hicho hakimpokei mtu asiyefaulu kompyuta katika mtihani wa Kidato cha Nne. Dija alikitaka chuo hicho kuliko kitu chochote. Alikuwa ametangazia kijiji kizima, na msichana akishatangaza jambo Makurunge hana tena njia ya kurudi nyuma kimyakimya.

Baba yake aliposikia binti yake anasoma ngamizi, alivaa kanzu akaja shuleni.

"Mwalimu," alisema baada ya salamu ndefu za pande zote mbili, "mimi nimeleta mtoto aelimishwe. Naambiwa hapa anafundishwa kuangamiza. Anamwangamiza nani?"

"Hamwangamizi mtu, mzee wangu. Ngamizi ni mashine tu. Ina mwili, na ina roho."

"Roho!" Mzee Ishaka akavua kofia, akaivaa tena. "Nani kaitia roho?"

"Ni istilahi, mzee. Namna ya kusema."

"Istilahi gani inayochukua kitu kizuri ikakipa jina la balaa? Haya, tuache. Nataka kujua jambo moja tu. Huko chuoni anakotaka kwenda, nako wanaiita hivyo hivyo?"

Swali la mkulima lilikuwa limefika pale ambapo Mwalimu Masoud mwenyewe hakuwa amefika.

"Wataiita," alijibu.

Mzee Ishaka akaridhika. Alikuwa mtu wa kuamini walimu, kama wazazi wetu wengi, na walimu wengi tumeishi vizuri juu ya mgongo wa imani hiyo.

Mwalimu Masoud hakuwa peke yake shuleni katika wazimu wa lugha. Nje ya darasa lake ilitawala amri ya mkuu wa shule, nayo ilikuwa kinyume kabisa: katika viwanja vyote ni Kiingereza tu. Mwalimu Mwinshehe aliitangaza amri hiyo mstarini kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka ieleweke. Aliyekamatwa akizungumza Kiswahili nje alivishwa kibao cha mbao chenye onyo la Kiingereza, na neno moja katika onyo hilo lilikosa herufi. Hakuna aliyethubutu kulisema kosa hilo. Kulisema kwa Kiswahili ni kuvishwa kibao, na Kiingereza cha kulisemea hakuna aliyekuwa nacho.

Kwa hiyo mtoto wa shule ile alivuka mpaka kila alipovuka kizingiti. Ndani kifuu, nje kibao. Dija alivishwa vyote viwili siku moja. Alikuwa ameanza kupita kwenye steshenari ya binamu yake Najim, mjini, ili ajifunze majina ambayo watu wengine wanayatumia. Najim alikuwa na wateja wa kadi za harusi na nakala za vitambulisho, na maneno yake ni ya vijana wa Dar: kusevu, kuprinti, kukopi, kupesti. Dija akayabeba kichwani kama mtu anayebeba bidhaa ya magendo. Siku hiyo, akiwa amezama katika kazi, likamponyoka.

"Mwalimu, nisevu?"

Kifuu kikashushwa ukutani.

"Nani kakufundisha neno hilo?"

"Binamu yangu, mwalimu. Wa steshenari."

"Basi mwambie binamu yako atunze duka lake, na mimi nitunze darasa langu. Ukirudi tena huko kujifunza, usirudi hapa."

Dija alitoka kwenda kunawa uso bombani, kifuu kikiwa bado shingoni. Kwa kuchanganyikiwa akampamia kiranja mlangoni, akamwomba radhi kwa Kiswahili. Kiranja, mtumishi mwaminifu wa sheria, akamvisha kibao juu ya kifuu. Wenzake walimwona akirudi.

"Jamani, bi harusi huyo! Kavaa vidani viwili!"

"Pigeni vigelegele!"

"Mahari yake nani atayaweza? Mume wa nazi au mume wa mbao?"

Dija naye akacheka, kwa kuwa kulia kungewapa wenzake wimbo wa mwaka mzima. Lakini steshenari hakurudi tena. Mwalimu wake alikuwa amesema, na yeye alikuwa mtoto wa Mzee Ishaka.

Miezi ikapita. Dija aliijua mashine. Alipanga hesabu ndani yake, alichora, alichapisha, alitengeneza majedwali yaliyonyooka kama matuta ya baba yake. Mwalimu Masoud alimwonyesha kwa wageni. Mkaguzi mmoja alipofika alisikia watoto wakisema kiwambo na kielekezi, akafurahi, akapiga picha na kifuu, akaondoka. Hakuuliza mtihani utakuja kwa lugha gani. Alijua, kama sote tunavyojua.

Ulipokaribia mtihani, Dija alikwenda nyumbani kwa mwalimu baada ya sala ya alasiri. Mwalimu Masoud alikuwa barazani na mkewe, Bi Nasrin, aliyekuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapo mkekani."

Dija hakukaa. "Mwalimu, nimekuja kuomba kitu. Mtihani ni wa Kiingereza. Mimi kazi naijua, majina ndiyo siyajui. Nipe majina tu, mwalimu. Si darasani. Hapa hapa barazani. Hakuna atakayesikia."

"Atasikia Mungu, na nitasikia mimi."

"Mwalimu, chuo hakinichukui nisipofaulu."

"Utafaulu. Ukishaijua maana ya kitu, jina haliwezi kukupoteza. Waridi analijua hata asiyejua..." Akasita, kwa sababu simu yake ililia mara moja ikazimika mkononi. "Lo! Simu yangu haina chaji."

Bi Nasrin aliacha kupepeta.

"Baba Alawi. Umesemaje?"

"Nimesema simu imezimika."

"Hukusema hivyo. Umesema chaji. Dija, hukusikia? Mwanangu, nenda nyuma ya nyumba, jana nimekuna nazi. Niletee kifuu."

Dija aliinamisha uso asionekane anacheka. Mwalimu hakucheka.

"Nyumbani ni nyumbani."

"Nyumbani ni nyumbani kwa nini?" Bi Nasrin aliuliza. "Hapa unaagiza vocha, unanunua bando, maji unayataka ya kwenye friji. Wewe mwenyewe mashine hiyo umefundishwa kwa Kiingereza, ukaijua. Umevuka mto kwa daraja, sasa unalibomoa na kuwaambia watoto wa wenzio waogelee. Mpe mtoto majina, mume wangu. Ni maneno, si nguruwe."

Mwalimu Masoud alitazama barabarani. Inawezekana kabisa kwamba moyo wake ulilegea. Midomo yake ilifunguka, na Dija akasogea hatua moja mbele, tayari kupokea. Lakini mtu aliyesimama juu ya kanuni mbele ya watu huona kushuka ni kuanguka. Alifikiri Ashrafu atasema nini, mkuu wa shule atasema nini, mkaguzi aliyepiga picha atasema nini. Hakufikiri Dija atafanya nini.

"Nikilisema moja leo," alijibu, "kesho watasema Masoud alikuwa anatania."

"Na usiposema?" mkewe aliuliza.

Dija akaaga kwa adabu, akaondoka.

Mtihani wa vitendo ukafanyika. Msimamizi alitoka shule nyingine, mtu wa taratibu, hakuruhusiwa kueleza swali, na hakueleza. Swali lenye alama nyingi kuliko yote lilikuwa jepesi kiasi kwamba Dija angelimaliza akiwa amefumba macho. Lilimtaka atengeneze jedwali la safu wima nne na mistari sita, na ndani yake apange mazao ya shamba pamoja na uzito wake.

Lakini Kiingereza huita jedwali na meza kwa neno moja. Na safu wima ya jedwali na nguzo ya nyumba nazo wameziita kwa neno moja. Dija neno la meza alilijua tangu darasa la tatu, walipofundishwa vitu vya nyumbani. Neno la nguzo alilijua kutoka somo la historia, kwenye picha za magofu. La kompyuta hakuna aliyempa. Akasoma swali, akasoma tena, na likamwelea vizuri kabisa: atengeneze meza yenye nguzo nne, na juu yake apange mazao katika safu sita, kila zao na uzito wake.

Kila mtu wa huku ameiona meza hiyo. Ukitoka Makurunge mpaka Msata zimejaa kando ya barabara, zina nguzo nne na bidhaa juu. Dija akashukuru Mungu kwamba swali limetoka nyumbani. Akashika kielekezi, akachora meza. Nguzo zilisimama wima, akazitia rangi ya mkoko. Juu yake akapanga safu sita: muhogo, mahindi, mananasi, ufuta, kunde na nazi. Chini ya kila safu akaandika kilo. Ilikuwa kazi nzuri sana. Mtu angeweza kusimamisha basi akanunua.

Maswali mengine nayo aliyaelewa namna hiyo hiyo, na darasa zima lilifanya kama yeye. Ashrafu aliongeza na mwavuli.

Walipotoka, Mwalimu Masoud alikuwa akiwangoja karibu na bomba la maji, kanzu imepigwa pasi kama ya Idi. Siku hiyo hata kiranja hakuwa na kibao.

"Enhe, wanangu! Jedwali mlilipata?"

Wakatazamana.

"Jedwali halikuwamo, mwalimu," Dija alisema.

"Halikuwamo vipi? Kila mwaka huwamo."

"Mwaka huu walitaka meza, mwalimu. Ya mazao. Nguzo nne."

"Yangu ina mwavuli," Ashrafu alisema kwa fahari.

"Mwavuli wa nini wewe, hukuambiwa mvua inanyesha! Mimi nimeweka mizani," mwenzao mmoja akadakia.

Wakaendelea kubishana na kucheka, nani kapanga mananasi vizuri, nani nguzo yake imepinda. Mwalimu Masoud alilirudia neno la Kiingereza midomoni bila sauti, mara moja, kisha jingine. Dija ndiye aliyemwona. Akaacha kucheka.

"Mwalimu? Tumekosea?"

"Kiingereza ni lugha maskini," Mwalimu Masoud alisema polepole. "Neno moja wanalifanyisha kazi mbili."

Ilikuwa kweli tupu, ila hakuna swali lililoiuliza.

"Mwalimu, nakuuliza. Tumekosea?"

"Nyinyi hamkukosea," alijibu. Akageuka akaenda darasani, akafunga mlango.

Jibu hilo lilikuwa na ukweli zaidi ya alivyokusudia, lakini lilimfikia Dija baada ya karatasi kukusanywa, kama mengi ya kweli yanavyofika kwetu.

Matokeo yalipotoka, mkuu wa shule aliitisha kikao. Alisema kwamba yeye alionya mapema juu ya Kiswahili, na kwamba kama watoto wangetii amri yake ya uwanjani wasingechora meza. Hakuna aliyemuuliza mtoto atajifunza Kiingereza kutoka kwa nani uwanjani, ikiwa kila anayefungua kinywa anaogopa kibao. Mwalimu Masoud naye aliposimama alisema lawama ni ya mfumo unaomtahini mtoto kwa lugha ya kigeni. Katika hilo alikuwa na haki, na wapo watu wenye vyeo wanaopaswa kulisikia. Lakini mfumo haukuja barazani kwake alasiri ile kuomba majina. Alikuja Dija, na yeye Masoud majina alikuwa nayo kinywani.

Wale wawili walitoka kikaoni kila mmoja ameshinda. Bi Nasrin, alipoelezwa, aliuliza tu kama kuna mtu amekwenda Makurunge kumwona Mzee Ishaka. Hakuna aliyekuwa amekwenda. Mwalimu Masoud alikwenda wiki iliyofuata, akakaribishwa uji na kiti kizuri, na mzee hakumlaumu hata kwa neno moja. Alimuuliza habari za mkewe, akamuuliza mvua za mjini, akamsindikiza mpaka njiani. Wanaojua adabu za watu wa Makurunge wanaelewa kwamba hapana adhabu kubwa kuliko hiyo.

Kanuni ya Mwalimu Masoud haikuvunjika. Darasa lake lote lilipata alama F katika kompyuta. Chuo hakikumpokea Dija. Sasa analima muhogo na baba yake. Somo la kompyuta limeondolewa katika shule ile, na watoto waliokuja nyuma yake hawana tena nafasi ya kulichagua.